Ukiombwa kujitolea kwa utafiti wa chanjo, uliza kwanza

Tuseme ni jioni, umetoka shambani au kazini, na mlangoni pako wamesimama watu wawili. Mmoja unamjua, ni mhudumu wa afya wa kijiji chenu. Wa pili ni mgeni aliyevaa kitambulisho shingoni. Baada ya salamu wanakueleza kwamba kuna maradhi mapya yanayoenea duniani, kwamba chanjo imetengenezwa, na kwamba wanatafuta watu wazima wenye afya njema watakaojitolea kudungwa ili ijulikane kama chanjo hiyo ni salama. Wanataka kujua kama ungependa kuwa mmoja wao.

Utajibu nini? Wengine watafunga mlango na kusema kwamba wao si panya wa kujaribiwa dawa. Wengine watauliza tu ni pesa ngapi, kisha watie sahihi. Wote hao wamekosea kwa namna moja: wameamua kabla ya kuelewa. Makala haya hayakuambii ukubali wala ukatae. Yanakusudia kukuonyesha mambo ya kupima na maswali ya kuuliza, ili uamuzi utakaotoa uwe wako mwenyewe.

Jambo hili si la kubuni. Mnamo Machi 13, 2020 serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa Covid-19 nchini Kenya. Miezi michache baadaye, watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu (KEMRI) na wenzao wa Wellcome Trust huko Kilifi walikuwa wakitafuta watu wazima 400 wa kujitolea kujaribu chanjo iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, pamoja na kampuni ya AstraZeneca. Walipanga kuanza na watu 40 tu, na kuongeza wengine baada ya kuona kwamba hao wa kwanza hawakudhurika. Sindano za kwanza zilidungwa kabla ya mwaka huo kwisha.

Wala hiyo haikuwa mara ya kwanza. Mwaka wa 2001, Wakenya walijitolea jijini Nairobi kujaribu chanjo ya Ukimwi chini ya mpango wa Chuo Kikuu cha Nairobi ujulikanao kama KAVI. Na kati ya mwaka wa 2009 na 2014, wazazi wa Kilifi, Siaya na Kombewa walikubali watoto wao waingizwe katika majaribio ya chanjo ya malaria iitwayo RTS,S, yaliyohusisha watoto zaidi ya 15,000 katika nchi saba za Afrika.

Kwa nini watafutwe watu?

Chanjo hujaribiwa kwanza katika maabara, kisha kwa wanyama. Lakini mwili wa panya au wa nyani si mwili wa binadamu, na hatimaye lazima mtu awe wa kwanza. Ndiyo sababu kazi hii hugawanywa katika awamu.

Katika awamu ya kwanza hudungwa watu wachache, pengine makumi kadhaa, wote wazima na wenye afya. Swali hapa ni moja: je, chanjo hii inadhuru? Katika awamu ya pili watu hufikia mamia, na watafiti hupima damu kuona kama mwili umetengeneza kingamwili, yaani askari wa kupigana na ugonjwa. Awamu ya tatu huwa na maelfu ya watu. Hapo ndipo hujulikana kama waliochanjwa wanaugua kwa uchache kuliko wasiochanjwa.

Ili kulinganisha, watu hugawanywa katika makundi mawili kwa bahati nasibu ya kompyuta. Kundi moja hupata chanjo inayojaribiwa. Kundi la pili hupata kitu kingine. Katika majaribio ya chanjo ya Oxford, wengi wa kundi la pili huko Uingereza walidungwa chanjo ya homa ya uti wa mgongo, na wenzao wa Afrika Kusini walidungwa maji ya chumvi. Wewe hutaambiwa uko kundi gani, na mara nyingi hata muuguzi anayekupima hajui. Si hila. Mtu akijua amepata chanjo huenda akabadilisha mwenendo wake, na hesabu yote ikaharibika.

Hapa kuna kosa ambalo limewaponza wengi. Mtu akishadungwa hudhani kwamba sasa amekingwa. Huenda alipata maji ya chumvi. Huenda alipata chanjo yenyewe, lakini haifanyi kazi. Basi anayejitolea anapaswa kuendelea kujikinga kama mtu ambaye hajachanjwa kabisa, awe katika utafiti wa korona, wa malaria au wa Ukimwi.

Haraka wakati wa janga

Chanjo ya malaria ilichukua zaidi ya miaka 30 tangu kutengenezwa hadi Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipopendekeza itumike kwa watoto, Oktoba 2021. Lakini chanjo ya korona ilianza kutolewa kwa umma huko Uingereza mnamo Desemba 2020, chini ya mwaka mmoja tangu virusi vyenyewe vitambuliwe. Si ajabu basi kwamba watu wengi waliuliza: je, hawa hawakuruka hatua?

Jibu ni kwamba awamu zilipandana; hazikurukwa. Awamu ya pili ilianza kabla ya ripoti ya awamu ya kwanza kuandikwa yote. Serikali zililipa viwanda vitengeneze dawa kabla haijajulikana kama itafaa, na kamati za kukagua ziliketi mara moja badala ya kungojea kikao cha mwezi ujao. Na kwa kuwa ugonjwa ulikuwa umeenea kila mahali, haikuchukua muda kuona nani anaugua na nani haugui.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo haraka haiwezi kulifupisha: madhara yanayompata mtu mmoja kati ya watu elfu nyingi. Majaribio ya chanjo ya Oxford huko Uingereza, Brazil na Afrika Kusini yalisajili watu zaidi ya 23,000. Lakini tatizo la damu kuganda, ambalo ni nadra sana, lilitambuliwa mwaka wa 2021 baada ya mamilioni ya watu kuchanjwa. Kwa hivyo mtafiti akikuambia kwamba hakuna hatari yoyote, jua anakudanganya au yeye mwenyewe hajui. Mtafiti mwaminifu atakutajia hatari zinazojulikana, kisha akuambie kwamba huenda zipo zisizojulikana bado.

Kwa nini hapa kwetu?

Swali hili huulizwa katika kila baraza: kwa nini wasijaribu kwao Ulaya? Kuhusu chanjo ya Oxford, walianza kwao. Mtu wa kwanza alidungwa mjini Oxford mnamo Aprili 23, 2020, na zaidi ya Waingereza elfu moja walikuwa katika kundi la kwanza.

Lakini hata kama wangemaliza kwao, ingebidi majaribio yafanywe hapa pia. Afrika Kusini inatupa mfano mzuri. Huko takriban watu 2,000 walijitolea kwa utafiti ulioongozwa na Profesa Shabir Madhi wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Wakati huo virusi vya korona vilikuwa vimebadilika nchini humo. Mnamo Februari 2021 iligunduliwa kwamba chanjo hiyo haikuzuia vyema ugonjwa mwepesi na wa kadiri uliosababishwa na virusi hivyo vipya. Serikali ikasimamisha mpango wa kuwadunga wahudumu wake wa afya chanjo hiyo na kutafuta nyingine. Kama watu hao 2,000 hawangejitolea, nchi nzima ingetegemea hesabu za Uingereza, na ingepotoka.

Huko Marekani nako, kampuni ya Moderna ilipunguza kasi ya kusajili watu mnamo Septemba 2020 ilipoona kwamba Wamarekani weusi waliojitolea ni wachache mno. Ilijua kwamba chanjo iliyojaribiwa kwa watu wa aina moja ni vigumu kuaminiwa na wengine.

Hofu yenye mizizi

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Wenye kuogopa utafiti si wajinga, na ni makosa kuwacheka.

Katika mji wa Tuskegee, Marekani, kuanzia mwaka wa 1932 serikali iliwachunguza wanaume weusi wapatao 600, na 399 kati yao walikuwa na kaswende. Hawakuambiwa ugonjwa wao. Waliambiwa tu kwamba wana damu mbaya. Penisilini ilipopatikana katika miaka ya 1940 na kujulikana kwamba inaponya kaswende, walinyimwa. Utafiti huo uliendelea hadi gazeti lilipoufichua mwaka wa 1972, na ilikuwa 1997 Rais Bill Clinton alipoomba msamaha kwa niaba ya taifa.

Mwaka wa 1996 huko Kano, Nigeria, wakati wa mkurupuko mkubwa wa homa ya uti wa mgongo, kampuni ya Pfizer ilijaribu dawa mpya kwa watoto wagonjwa. Wazazi walilalamika kwamba hawakuelezwa kuwa hayo ni majaribio. Kampuni ilikana kosa, lakini baada ya kesi ndefu ilikubali mwaka wa 2009 kulipa fidia. Angalia vizuri: Kano kulikuwa na mkurupuko, wazazi walikuwa na hofu, hospitali ilikuwa imejaa. Hiyo ndiyo hali ambayo mtu hutia sahihi bila kusoma.

Hapa pwani, wazee wanalijua neno mumiani tangu enzi za ukoloni: watu wanaodaiwa kunyonya damu ya wenzao na kuiuza. Mtafiti akija na sindano na chupa ndogo, kisha akabeba damu kwenye gari bila kusema inakwenda wapi, neno hilo huamka. Na mnamo Aprili 2020 madaktari wawili Wafaransa walizungumza katika televisheni kana kwamba Afrika ndiyo mahali pa kufanyia majaribio kwa kuwa watu wake hawana barakoa wala matibabu. Mkurugenzi wa WHO, Dkt Tedros Adhanom Ghebreyesus, aliyaita matamshi hayo ya kibaguzi. Watafiti wa Kilifi walipoanza kutafuta watu mwaka huohuo, maneno hayo yalikuwa yamewatangulia vijijini.

Walinzi wako ni akina nani?

Kutokana na maovu ya namna hiyo, sheria za utafiti zilikazwa. Azimio la Helsinki, lililopitishwa na madaktari wa dunia mwaka wa 1964 na kurekebishwa mara kadhaa, linasema afya ya mtu anayejitolea hutangulia manufaa ya sayansi.

Nchini Kenya hakuna chanjo inayoruhusiwa kujaribiwa kwa watu kabla ya kamati ya maadili kuusoma mpango wote, pamoja na karatasi utakayotia sahihi. Bodi ya Dawa na Sumu nayo lazima itoe idhini yake, na Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi hutoa leseni ya utafiti. Isitoshe, huwapo jopo la wataalamu wasiohusika na utafiti, ambao kazi yao ni kuangalia kama kuna wanaodhurika. Wakiona hatari wanaweza kusimamisha kila kitu.

Hilo si la kwenye karatasi tu. Mnamo Septemba 2020 mtu mmoja aliyejitolea nchini Uingereza aliugua. Majaribio ya Oxford yalisimamishwa kote duniani hadi ugonjwa wake uchunguzwe. Uingereza iliruhusiwa kuendelea baada ya siku chache. Marekani iliruhusu baada ya wiki kadhaa. Wengi waliposikia utafiti umesimamishwa walisema, "Mwaona? Tuliwaambia!" Lakini utafiti wa kuogopwa ni ule usiosimama hata mtu akiugua.

Karatasi ya idhini

Kabla ya kudungwa utapewa karatasi ya maelezo na ya idhini. Lazima iwe katika lugha unayoielewa. Kwa mtu wa Kilifi hiyo yaweza kuwa Kiswahili au Kigiriama. Kama hujui kusoma, husomewa mbele ya shahidi unayemwamini, asiyekuwa mfanyakazi wa utafiti, na badala ya sahihi unaweka kidole. Nakala moja ni yako. Una haki ya kwenda nayo nyumbani, kuwasomea jamaa zako na kurudi siku nyingine. Anayekuambia utie sahihi leo hii au nafasi itakupita, mwache aende zake.

Watafiti wazuri hawaishii kusoma. Wakimaliza hukuuliza wewe maswali: je, ukichoka utafanya nini? Je, umeambiwa umepata chanjo gani? Ukishindwa kujibu, wanakueleza upya. Usione haya. Mtihani huo ni wa aliyefundisha kuliko aliyefundishwa.

Kisha utapimwa. Utaulizwa magonjwa uliyougua, damu itachukuliwa, na huenda ukapimwa virusi vya Ukimwi. Wanawake hupimwa mimba na mara nyingi huombwa watumie njia ya kupanga uzazi kwa muda fulani, kwa maana chanjo mpya haijaribiwi kwa wajawazito mwanzoni. Huenda ukaambiwa hufai. Hilo si tusi, lakini huenda pia ukaambiwa una ugonjwa ambao hukujua unao. Jiandae kwa habari hiyo, na uulize mapema utasaidiwa vipi.

Kuhusu damu, uliza kiasi. Karatasi nzuri hukitaja kwa vijiko vya chai au vya mezani. Uliza itapimwa nini, itawekwa wapi, itapelekwa nchi gani, na kama itatumika kwa utafiti mwingine baadaye. Habari za afya yako zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019. Si za kusimuliwa dukani.

Wanaojitolea kwa utafiti wa chanjo ya Ukimwi wana jambo moja zaidi la kujua. Chanjo hiyo yaweza kuufanya mwili utengeneze kingamwili ambazo kipimo cha kawaida huzisoma kana kwamba mtu ameambukizwa, ilhali hana virusi. Anayehusika hupaswa kupewa hati na nambari za simu za watafiti, ili asinyimwe kazi wala asivunje ndoa kwa sababu ya kipimo kisichofaa.

Nauli na malipo

Mkono mtupu haulambwi, na si haki mtu apoteze siku ya kibarua na nauli ya matatu kwa faida ya wengine. Kwa hivyo watafiti hurudisha nauli na kufidia muda wako. Kiasi hicho hukaguliwa na kamati ya maadili. Kikiwa kidogo mno, unanyonywa. Kikiwa kikubwa mno, unanunuliwa, na mwenye njaa huficha ugonjwa wake ili asikataliwe. Anayeficha pumu au mimba hajamdanganya mtafiti pekee, amejiweka hatarini.

Wakati wa korona jambo hili lilikuwa zito. Hoteli za pwani zilifungwa, kafyu iliwekwa tangu Machi 2020, na watu wengi walikaa bila kazi. Jiulize kwa moyo mweupe: kama pesa hizi zisingekuwapo, ningekubali? Ukiona jibu ni la, basi fikiri tena.

Tofauti na malipo hayo ni matibabu. Ukidhurika na chanjo, unatakiwa kutibiwa bila kulipa, na utafiti lazima uwe na bima. Uliza hospitali ni ipi, na utapigia nani simu saa nane za usiku.

Nyumbani kwako

Mtu mzima hujiamulia mwenyewe, awe mwanamume au mwanamke. Mume hana haki ya kutia sahihi kwa niaba ya mkewe. Hata hivyo wengi wetu hatuishi peke yetu. Mke akirudi na alama ya sindano na homa ya usiku mmoja, na hakuna aliyeambiwa, ugomvi huzuka. Watafiti wenye busara humwambia anayejitolea, "Mama, nenda ukazungumze na mzee nyumbani, akiwa na maswali, mje pamoja." Hiyo ni heshima. Lakini neno la mwisho libaki kwa mwenye mkono utakaodungwa.

Jiandae pia kwa majirani. Siku chache baada ya mwanasayansi Elisa Granato kudungwa huko Oxford, Aprili 2020, habari zilienea duniani kwamba amekufa. Alikuwa nyumbani kwake, mzima. Uvumi wa namna hiyo ukifika kijijini kwenu, utasikia habari za kifo chako ukiwa kisimani.

Kwa wale wanaosajili

Huenda wewe msomaji si wa kujitolea bali wa kutafuta wengine: chifu, mzee wa mtaa, mhudumu wa afya, imamu au kasisi. Kazi yako ni kubwa kuliko unavyofikiri, kwa maana watu watakuamini wewe kuliko mgeni mwenye mkoba.

Kwanza, usiamuru. Chifu akisema kila nyumba itoe mtu mmoja, hapo hakuna kujitolea tena. Itishe mkutano, mwachie mtafiti nafasi ajieleze, kisha kaa kando. Pili, usiahidi usichopewa. Ukisema watakaokubali watapata dawa bure maisha yao yote, siku isipokuwa hivyo watakutafuta wewe. Tatu, yasikilize maneno ya mumiani bila kucheka. Muulize mtafiti mbele ya watu wote: damu hii inakwenda wapi? Kama maabara iko karibu, omba wawakilishi waende wakaione. Nne, usihesabu mafanikio kwa idadi ya sahihi. Mtu aliyeelewa akakataa ni ushindi pia.

Kilifi iliyafahamu haya kabla ya korona. Kituo hicho cha utafiti kimekuwapo tangu mwaka wa 1989, na kwa miaka mingi kimekuwa na wawakilishi waliochaguliwa na wenyeji, ambao hukutana na watafiti na kuwaeleza wazi yanayosemwa vijijini. Korona ilipokataza mikutano ya hadhara, ilibidi kutegemea redio, simu na makundi madogo. Njia hizo zilisaidia kwa kuwa wasemaji walikuwa wakijulikana tayari. Anayeanza kujenga urafiki siku janga linapobisha hodi amechelewa.

Faida ni ya nani?

Utafiti wa chanjo ya Ukimwi uliofanywa Nairobi ulitokana kwa sehemu na akina mama wa Majengo ambao hawakuambukizwa ingawa walikutana na virusi mara nyingi. Mwaka wa 2000 kulikuwa na mzozo baada ya wanasayansi wa Kenya kuona hawakutajwa katika hataza ya chanjo hiyo. Mapatano yalifanywa baadaye. Chanjo yenyewe ilionekana salama lakini haikuamsha kinga ya kutosha, na ikaachwa. Waliojitolea hawakupoteza bure: bila wao, wanasayansi wangeendelea kupita njia isiyo na mwisho.

Baada ya korona swali lilikuwa lilelile. Afrika Kusini, ambayo watu wake walijitolea, ilitakiwa mwanzoni mwa 2021 kulipa dola 5.25 kwa dozi moja ya chanjo ya Oxford, ilhali nchi za Ulaya zililipa karibu dola 2.16. Kenya ilipokea dozi zake za kwanza, zaidi ya milioni moja, mapema Machi 2021. Kisha India ikazuia kuuza nje, na wengi wakangojea dozi ya pili kwa muda mrefu.

Basi swali la faida lisiulizwe mwisho. Liulizwe siku ya kwanza barazani: ikithibitika kwamba chanjo inafaa, nchi yetu itaipata lini na kwa bei gani? Waliopata maji ya chumvi watachanjwa? Nani atarudi kutueleza matokeo? Mtafiti anayechukua damu na asirudi na majibu amewafungia mlango wote watakaomfuata.

Kata sehemu hii uihifadhi

Ukiombwa kujitolea, uliza maswali haya, na usitie sahihi hadi yajibiwe:

1. Utafiti huu umeidhinishwa na nani, na naweza kuiona barua?
2. Chanjo hii imejaribiwa kwa watu wangapi kabla yangu, na walipatwa na nini?
3. Kundi la pili litadungwa nini?
4. Nitakuja mara ngapi, kwa muda gani, na damu kiasi gani itachukuliwa?
5. Nani atajua kwamba nimo, na majibu ya vipimo vyangu?
6. Nikidhurika, nitatibiwa wapi na kwa gharama ya nani?
7. Nikitaka kujitoa katikati, nitapoteza nini?
8. Mwishoni, mimi na kijiji chetu tutapata nini?

Jibu la swali la saba ni moja tu lililo sahihi: hutapoteza chochote. Matibabu yako ya kawaida katika zahanati yabaki palepale, na hakuna atakayekulaumu. Ukisikia jibu jingine, rudisha karatasi na uage kwa adabu.

WHO ilitangaza mnamo Mei 5, 2023 kwamba korona si dharura ya dunia tena. Lakini maradhi mengine yatakuja, na siku hiyo watu wawili watasimama tena mlangoni. Wakaribishe, wape kiti, uwasikilize. Kisha uanze kuuliza, kwa maana kuuliza si ujinga.